Kwa unayeanza kuisikiliza roki ya Meksiko

Mdogo wangu, usianze na zile nyimbo kumi ambazo simu inakuletea mbele. Mimi nilianza hivyo, na mwaka mzima nikaamini kuwa hii ni roki ya Marekani iliyovishwa Kihispania. Nilipoteza muda mwingi.

Anzia tamasha la Avándaro. Septemba 1971, karibu na mji wa Valle de Bravo, umati wa vijana ulikesha mvuani ukisikiliza bendi kama Three Souls in My Mind na Los Dug Dug's. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu wanafunzi wauawe kwa risasi Tlatelolco, mtaa wa Jiji la Meksiko, na serikali haikutaka kuona tena vijana wengi mahali pamoja. Redio zikaifungia roki, ruhusa za matamasha zikawa adimu, bendi zikahamia kwenye maghala ya pembezoni mwa jiji, yale yaliyoitwa hoyos fonquis. Ukilijua hilo, ile sauti ya kukwaruza ya Three Souls, ambao baadaye waligeuka El Tri, haitakusumbua tena. Ni sauti iliyokomaa ghalani, kwa vipaza sauti vibovu.

Halafu ruka hadi bendi ya Caifanes, mwishoni mwa miaka ya 80. Waliuchukua wimbo wa zamani wa Kuba, «La Negra Tomasa», wakaupiga kwa mwendo wa kumbia, mdundo wa dansi wenye asili ya Kolombia. Vaa spika za masikioni, mwache mwimbaji aendelee na yake, wewe fuata besi na ngoma tu. Mimi masikio yangu yalifunguka hapo: gitaa ni la roki, lakini miguu ni ya dansi la harusini.

Sasa uko tayari kwa Re, albamu ya Café Tacvba ya 1994. Ina nyimbo 20, usiruke hata mmoja. Ila maneno yasome kabla hujacheza. «La Ingrata» una mdundo wa polka ya kaskazini mwa nchi, haukuachi umekaa. Niliucheza miezi kadhaa kwa furaha. Siku nilipokaa na kamusi, mstari kwa mstari, nikakuta mwanamume anayeahidi kumpiga mpenzi wake risasi, kisha ahudhurie mazishi yake. Niliuzima. Mwaka 2017 bendi yenyewe ilisema haitaupiga tena, kwa ajili ya wanawake wanaouawa nchini mwao. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Na ukijaliwa kufika Jiji la Meksiko, Jumamosi nenda kwenye gulio la Chopo, karibu na stesheni ya Buenavista. Lilianza 1980, na mpaka leo kuna watu wanaobadilishana muziki bila kutoa pesa. Nilibeba santuri ya dansi kutoka nyumbani. Mzee mmoja akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole kando ya mikwaruzo, kisha akanipa kanda ya Rockdrigo González, yule wa gitaa moja na kinanda cha mdomo, aliyefariki katika tetemeko la Septemba 1985. Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Na kabla hujauliza bei, muulize mwenye meza yeye mwenyewe anasikiliza nini.