Broila kwa mashudu ya alizeti peke yake? Mkuu, usithubutu!

Mkuu, weka beleshi chini kwanza. Unasema soya na dagaa vimepanda bei, kwa hiyo broila 300 utawalisha mahindi na mashudu ya alizeti tu, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta. Mashudu! Mimi nilifanya hivyohivyo, kuku 400, tena nikajiona mjanja.

Muuza chakula cha mifugo aliniambia bila hata kupepesa jicho: "Protini ni protini, bosi." Nikachanganya mahindi kilo 60, mashudu kilo 40, protini ikafika asilimia 18, akasema inatosha. Siku ya 35 napima: gramu 900! Mteja wangu wa chipsi kuku akauliza kama siku hizi nafuga kware. Nikachinja mmoja: kidari kimechongoka kama wembe, tumboni mafuta tele. Bandani harufu ya amonia, ile gesi kali ya kinyesi, inatoa machozi kuliko vitunguu.

Kilichokosekana ni laisini. Ni asidi amino, yaani tofali mojawapo la kujengea protini, ambayo mwili wa kuku hauitengenezi, kama wetu tu, lazima aile. Ndiyo inayojenga nyama ya kidari, inaimarisha kolajeni ya mifupa na ngozi, inasaidia kunyonya kalsiamu. Ikipungua, asidi amino nyingine zinabaki kama mafundi waliokosa saruji. Hazijengi kitu, zinachomwa, nitrojeni yake inaishia kwenye kinyesi. Yaani ile harufu niliinunua mwenyewe, kwa gunia.

Piga hesabu. Kilo ya mahindi ina laisini gramu 2.5 hivi, mashudu ya alizeti kama 11, mashudu ya soya karibu 28. Kilo 100 za mchanganyiko wangu zilikuwa na gramu 600 hata hazifiki. Broila wa wiki tatu za kwanza anataka 1,100 kwenye kilo 100 hizohizo za chakula! Yule muuza chakula ana kalkuleta kaunta, kazi yake ni kujumlisha madeni yangu tu.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize protini asilimia ngapi. Uliza LAISINI gramu ngapi. Akibabaika, ondoka. Soya punguza ukitaka, usiitoe, pengo lijazie kwa ule unga mweupe wa laisini, upime kwa mizani, siyo kwa kiganja. Dagaa wachunguze, wengine nusu yao mchanga.

Na soya ukikaanga mwenyewe, isifike kuwa nyeusi, moto mkali unaiharibu laisini hiyohiyo. Kundi langu la pili liliishia hapo, ila hilo leo siko tayari kulizungumza.