Baba amepata 11 kati ya 30 baada ya kiharusi: je, ana demensia?

SWALI: Baba, miaka 63, alipata kiharusi wiki tatu zilizopita. Upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki vizuri. Hospitali walimpima kwa MMSE, kipimo kifupi cha fikra na kumbukumbu, akapata 11 kati ya 30. Kaka akapakua MoCA, kipimo kingine cha aina hiyo, kwenye simu; baba akapata 8. Tumeambiwa ni demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tuamini kipimo kipi?

JIBU: Msiamini hata kimoja. Mwili ukipooza kulia, ubongo umeumia kushoto, na kwa watu wengi huko ndiko lugha iliko. Sasa tazama MMSE: tarehe, mahali, maneno matatu ya kukumbuka, kutoa 7 kwenye 100, yote hujibiwa kwa mdomo. Kisha anaambiwa achukue karatasi kwa mkono wa kulia, mkono uleule uliopooza! MoCA nayo inamwonyesha simba, kifaru na ngamia; anaweza kuwajua wote watatu na jina lisitoke. Hizo 11 na 8 zinaeleza usemi na mkono. Kumbukumbu yake bado hamjaijua.

Kinachoniumiza zaidi ni watu kuigeuza jumla ya alama kuwa kiasi cha akili kilichobaki. Aliyeumia upande wa kulia wa ubongo anaweza kupata 28 kwenye MMSE, familia ikashangilia, kumbe mezani anakula nusu ya sahani tu, wali wa kushoto hauoni. MMSE haina swali la kulinasa tatizo hilo.

Kuna kipimo kingine, OCS, kilichotungwa Oxford mahsusi kwa kiharusi; hakitoi jumla. Lugha, kumbukumbu, umakini, hesabu na vitendo kila kimoja kina alama zake, kwa dakika kama 15. Majibu mengi ni ya kunyoosha kidole, na picha zimepangwa wima ili asiyeona upande mmoja asizikose. Kuna ukurasa wa picha za mioyo 150 ambapo mgonjwa anapiga mstari kwenye mizima 50 tu, si yenye pengo. Mwenye tatizo kama la yule wa wali huacha ya kushoto bila kugutuka.

Kama OCS haipo, mtaalamu wa usemi aangalie kwanza baba anaelewa kiasi gani. Avae miwani, aulizwe kwa lugha ya nyumbani, sukari na maambukizi ya mkojo vichunguzwe, maana vyote huvuruga fikra. Apimwe tena baada ya miezi mitatu, na MoCA iwe toleo jingine, kwani maneno yake matano ya kukumbuka huzoeleka.

Demensia haitangazwi kwa kipimo cha dakika kumi. Anayempima mgonjwa kwa simu kisha akataja bei ya kopo la dawa ya kurudisha akili, msimpe hata senti. Na kama kuna hati ya shamba inayongoja dole gumba la baba, ingoje hadi aulizwe kwa namna anayoweza kujibu.