Preludi ya Rachmaninoff na mkono unaowaka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka saba kwenye piano, na sasa ninajifunza preludi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Mrusi Rachmaninoff katika G maina, Opus 23 namba 5. Nikifika ukurasa wa pili, mkono wa kulia unakaza na kuwaka kati ya kiwiko na kiganja. Nipunguze mwendo au nifanye mazoezi ya nguvu?

JIBU: Marahaba. Misuli ikiwaka, simama hapo hapo. Nguvu usiongeze, nahisi tayari unatumia nyingi mno.

Rachmaninoff, aliyeitunga mwaka 1901, aliandika mwanzoni "alla marcia", yaani kwa mwendo wa gwaride. Lakini sikiliza: gwaride lenyewe linaanza likiwa mbali, kwa sauti ya chini. Wengi wakiona zile kodi nene, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hupiga kwa kishindo tangu mstari wa kwanza, na kilele kikifika mkono umeshakwisha.

Tazama zile noti mbili fupi zinazokimbilia ndefu: ta-ta-tam. Ukizipiga kama mapigo matatu, kila pigo na nguvu yake, utachoka tu. Uache mkono udondoke mara moja, noti zote tatu zitoke ndani ya mdondoko huo, vidole visiachane na vibonyezo. Jiulize pia unajifunzia chombo gani. Piano ya kulala, ile kubwa yenye nyuzi zilizolazwa, hurudia noti kabla kibonyezo hakijapanda chote. Ile ya kusimama hukudai ukiachie zaidi, na hapo wengi hukaza bila kujua.

Oktava, yaani noti mbili za jina moja zilizoachana hatua nane, ndizo zinazoumiza kuliko yote. Rachmaninoff alikuwa na viganja vikubwa ajabu. Sisi wengine tukibaki tumetanua kiganja mstari mzima, tunajiumiza. Kila baada ya oktava kiache kijikunje, hata kwa kufumba na kufumbua.

Sehemu ya katikati, yenye D meja, ni nafuu yako. Mkono wa kushoto unapanda kwa mawimbi mapana: kifundo cha mkono kifuate noti, usivute vidole. Melodi ikirudi mara ya pili, sauti nyingine inajibu katikati ya kodi. Ni nzuri mno, na hufa kabisa pedali ikizidi.

Kuhusu mwendo, ndiyo, punguza. Alama yake ni mapigo 108 kwa dakika. Wewe weka metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye 60, piga mistari miwili kwa sauti ya chini, kisha teremsha mikono mapajani mpaka ilegee. Mkono ukibaki mwepesi siku tatu mfululizo, panda hadi 66.