Maswali na majibu: kuni kavu, kipimo cha haki na bei ya haki

Maswali yafuatayo yameletwa na wasomaji wanaouza kuni, pamoja na mmoja anayezinunua. Nimeyafupisha bila kubadilisha maana, na yale yaliyofanana nimeyajibu mara moja.

Swali: Ninauza kuni kwa kilo, na mizani yangu ni nzima. Mnunuzi mmoja amenishutumu mbele ya watu kwamba ninamuuzia maji. Je, mizani si ndiyo kipimo cha haki kuliko vyote?

Mizani yaweza kuwa nzima na mnunuzi akawa amepunjwa vilevile, kwa sababu mizani hupima kila kilichomo ndani ya gogo, wala haitenganishi mti na maji. Katika aina nyingi za miti, karibu nusu ya uzito wa mti uliokatwa juzi ni maji. Kwa hiyo kilo 1,000 za kuni za namna hiyo zina kilo 500 hivi za mti wenyewe, ilhali kilo 1,000 za kuni zilizokauka hadi unyevu wa asilimia 20 zina kilo 800. Hasara haiishii hapo, kwani moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji hayo na kuyageuza mvuke, na joto linalotumika kwa kazi hiyo humponyoka mnunuzi pamoja na moshi. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa takriban kilowati-saa 4 za joto. Kilo moja ya kuni ambazo nusu yake ni maji hutoa kidogo zaidi ya 2.

Ubaya wa kuuza kwa kilo ni kwamba kipimo hicho humwadhibu muuzaji mwema. Kila siku anayoziacha kuni zake zikauke, uzito unapungua na mapato yake yanapungua, na yule aliyezitoa msituni jana na kuziuza leo anapata zaidi. Sikulaumu kwa kutumia mizani, maana huenda ndiyo desturi uliyoikuta, lakini ukiendelea nayo ni lazima utaje unyevu pamoja na uzito. Kilo bila unyevu haimwambii mnunuzi lolote kuhusu joto atakalolipata, na mnunuzi wako, ingawa alisema kwa ukali, alikuwa na hoja.

Swali: Nitajuaje kwamba kuni zimekauka kweli? Wengine husema zikipasuka mwishoni basi ziko tayari.

Nyufa za mwishoni ni dalili, wala si ushahidi. Maji hutoka kwa urahisi zaidi kupitia ncha mbili za gogo kuliko kupitia magome, kwa hiyo ncha zinaweza kupasuka na kugeuka kijivu huku katikati bado pana unyevu mwingi. Dalili nyingine zinasaidia zikichukuliwa pamoja: magome yanabanduka kwa mkono, kipande ni chepesi kuliko ukubwa wake unavyoonekana, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa sauti kali inayolia, tofauti na ule mlio mzito wa kuni mbichi. Hata hivyo, mtu anayepokea fedha za watu hapaswi kutegemea sikio peke yake.

Kipima unyevu chenye sindano mbili kinatosha kwa kazi ya kila siku, mradi kitumiwe sawasawa. Chagua vipande kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za rundo, hasa chini na katikati ambako upepo haufiki vizuri, uvipasue palepale, kisha uchome sindano katikati ya uso mpya uliofunguliwa. Anayepima nje ya kipande, au kwenye ncha zake, anapima mahali palipokauka kwanza na kujidanganya yeye mwenyewe kabla ya kumdanganya mteja.

Tukumbuke pia kwamba gogo zima halikauki kwa mwendo wa kuni zilizopasuliwa. Gogo lenye magome yake linaweza kulala mwaka mzima na likabaki bichi ndani. Muda wa kukauka huhesabiwa tangu siku ya kupasua na kupanga mahali penye upepo, juu ya fito zinazozitenga kuni na ardhi, zikiwa zimefunikwa juu tu na kuachwa wazi ubavuni. Miti myepesi huweza kuwa tayari ndani ya mwaka mmoja au chini yake, na mizito kama mwaloni huhitaji hata miaka miwili. Turubai linalofunika rundo hadi chini huzuia mvua, lakini hufungia unyevu ndani, na nimeona kuni nzuri zikiota kuvu kwa sababu hiyo tu.

Swali: Nilikausha kipande katika oveni na kupata unyevu wa asilimia 18, nikamwambia mteja hivyo. Yeye alileta kipima unyevu chake kikaonyesha 22, naye sasa ananiita mwongo. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Tuseme kipande chako kilikuwa na gramu 500 kabla ya kuingia katika oveni iliyozidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, nawe ukakiacha humo mpaka uzito ukaacha kushuka, ukabaki gramu 410. Maji yaliyotoka ni gramu 90. Ukizigawanya gramu hizo kwa uzito wa kwanza, yaani 500, unapata asilimia 18, na ukizigawanya kwa uzito wa mti mkavu, yaani 410, unapata asilimia 22. Wauzaji wengi wa kuni huhesabu kwa njia ya kwanza, na vipima unyevu vingi vya sindano, kwa kuwa vilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wa mbao, huhesabu kwa njia ya pili. Mwonyeshe mteja hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na tangu leo kila utajapo asilimia utaje pia umeihesabu dhidi ya uzito upi.

Swali: Nikiuza kwa mita ya ujazo, nizimwage kuni au nizipange?

Zipange, na kama huna budi kuzimwaga, sema wazi kwamba zimemwagwa. Mita moja ya ujazo ya kuni zilizomwagwa ovyo katika bodi la gari, ikishapangwa vizuri, hubaki takriban mita 0.6, na hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, kwa sababu muuzaji na mnunuzi hutamka neno moja na kila mmoja ana picha yake kichwani. Ndiyo maana vipimo vya kale vya kuni vilifungamana na kupanga: Ufaransa, katika sheria yake ya vipimo ya mwaka 1795, iliweka kipimo cha steri kwa ajili ya kuni, nacho ni mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa, na Marekani hupimia rundo lililopangwa lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4.

Kuna jambo moja ambalo hata wauzaji waaminifu husahau. Kuni za urefu wa mita moja zilizojaza steri moja, zikikatwa vipande vya sentimita 33, hujaza takriban mita 0.7 tu, kwa kuwa vipande vifupi hulala karibu zaidi na kuacha nafasi chache. Mti haukupotea hata kidogo, lakini mnunuzi ambaye hakuelezwa atapima rundo lake nyumbani na kuamini kwamba ameibiwa.

Taja pia aina ya mti. Kwa kilo, miti yote ikiwa mikavu sawa hutoa joto linalokaribiana sana. Kwa ujazo, mti mzito hutoa joto zaidi kuliko mwepesi, hivyo kuuza mchanganyiko kwa bei ya mti mzito ni kupunja.

Swali: Rundo langu lilipungua lilipokauka. Hasara hiyo ni ya nani?

Ni yako uliyezikausha, nawe unayo haki ya kuiingiza katika bei. Mti huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Pima siku ya kuuza, wala usitumie kipimo cha siku ulipozipanga.

Swali: Basi bei ya haki ni ipi? Jirani yangu anauza kuni mbichi kwa bei ndogo na wateja wanamkimbilia.

Anza na gharama zako: ununuzi wa magogo, ukataji, upasuaji, upangaji, banda au uwanja, usafiri, vipande vilivyooza au kusinyaa, na fedha iliyolala katika rundo kwa mwaka mzima au miwili bila kukuzalia chochote. Gharama hii ya mwisho wengi huisahau, kisha hushangaa kwamba wanafanya kazi bila faida.

Baada ya hapo jilinganishe na jirani kwa joto. Kwa hesabu niliyoitoa katika jibu la kwanza, kilo ya kuni kavu ina joto karibu mara 1.8 ya kilo ya kuni ambazo nusu yake ni maji, kwa hiyo ukiuza kilo yako kwa mara moja na nusu ya bei ya jirani, mnunuzi bado amepata nafuu kwako. Kwa ujazo, uaminifu unatudai tuseme jambo lisilotupendeza wauzaji: mti uliomo katika rundo bichi na rundo kavu ni karibu uleule, na joto linalopotea kwa kuyageuza maji mvuke ni sehemu kama ya kumi tu. Tofauti kubwa hutokana na jinsi zinavyowaka, kwa sababu kuni mbichi hufuka, moto wake hupoa, sehemu ya joto hutoka kama moshi usioungua, na bomba la moshi hujaa masizi mazito yenye lami ambayo yanaweza kushika moto. Bei ya juu ni halali kwa sababu hizo na kwa muda uliousubiri, lakini usimwambie mteja kwamba rundo lako lina joto mara mbili ya lile la jirani, maana si kweli.

Swali: Mteja anazihitaji leo, nami zilizobaki ni mbichi tu. Nimfukuze?

Muuzie kama mbichi, kwa bei ya mbichi, ukimweleza azipange vipi na asubiri muda gani. Katika Uingereza, sheria iliyoanza tarehe 1 Mei 2021 huko England inataka kuni zinazouzwa chini ya mita 2 za ujazo ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na mzigo mkubwa zaidi ambao bado haujakauka uambatane na maelezo ya kuukausha. Naona ni mpango wa busara, kwa sababu anayenunua kidogo kwa kawaida anataka kuwasha jioni ileile. Usichoweza kukifanya kabisa ni kuzichanganya mbichi na kavu katika tita moja na kulitaja lote kuwa kavu.

Swali: Nimenunua kuni zilizoelezwa kuwa kavu, zikanyeshewa njiani. Nizirudishe?

Hapana haja. Pasua kipande kimoja: kama ndani ni kikavu, ulichouziwa ni kile ulichoahidiwa, kwa kuwa maji ya mvua ya siku moja hukaa juu juu na hukauka kwa siku chache penye upepo. Kama ndani pana unyevu, mvua haihusiki, na hapo mpelekee muuzaji kipande hicho akione.