Mbona daftari la babu linameguka?

SWALI: Mhariri shkamoo. Babu alituachia daftari la miaka ya 60, kaandika ukoo wetu wote, nani kaolewa wapi na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, sasa hivi ukiligusa tu linameguka. Nasikia Wazungu wana vitabu vya miaka 500 bado vizima, wanapaka dawa gani? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba. Wala sio dawa, ni karatasi yenyewe. Enzi za William Caxton, aliyefungua matbaa ya kwanza Uingereza mwaka 1476, karatasi ilitoka kwenye matambara ya kitani, yanapondwa na maji mpaka yanakuwa uji, ndo maana kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha 1623 mpaka leo kinafunuliwa kurasa, na maktaba ya Folger kule Washington wamejikusanyia kopi 82 peke yao (mi naona ni uchoyo kidogo). La babu karatasi yake ni ya miti, ina asidi inayolila kutoka ndani.

Folger hao hao wanatunza pia madaftari ya familia yaliyoandikwa kwa mkono, ukurasa huu mapishi, unaofuata dawa ya kikohozi, mama akifa binti anaendeleza kwa mwandiko wake. Halafu wino wa enzi hizo, uliokuwa na chuma ndani yake, nao ulitoboa kurasa kibao, kwa hiyo sio kila kitu kilipona.

We usibandike selotepu wala usilaminishe, jamani! Piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha liweke kwenye boksi kavu, juu kabisa, mchwa wa Tabora si unawajua.