Jibu: Osaka hadi Kobe, Njia ya 3 au Wangan?

Mkuu, umeuliza kwa nini kuna barabara mbili za kulipia kati ya Osaka na Kobe, na upite ipi. Zote ni za mtandao wa Hanshin, yaani barabara za kasi za kulipia za eneo la Osaka na Kobe, Japani.

Njia ya 3 inapita juu ya nguzo katikati ya makazi ya watu: Amagasaki, Nishinomiya, Ashiya, ndipo unaingia Kobe. Njia ya 5, Wangan, inafuata bandari na visiwa vilivyojengwa baharini, na inaishia kisiwa cha Rokko. Kama unaenda Kobe katikati, shika ya 3. Malori makubwa yenye ETC (mfumo wa kulipa tozo kielektroniki bila kusimama) hupunguziwa tozo yakipita Wangan, ili moshi na kelele viwapungukie wakazi wa kando ya Njia ya 3. Huo ni mpango wa maana sana.

Tozo ni kwa umbali tangu 2012. Chomeka kadi ya ETC kwenye kifaa cha gari, punguza mwendo getini, kizuizi kinanyanyuka. Bila ETC, kwa kawaida unatozwa kiwango cha juu hata ukienda karibu, kwa hiyo ukikodi gari ulizia kadi mapema.

Na ukipita Higashinada, wilaya ya Kobe kwenye Njia ya 3, kumbuka hapo ndipo tetemeko la Januari 17, 1995 lililaza ubavu kipande cha mita 635 cha barabara hiyo, nguzo zikakatika. Njia nzima ilifunguliwa tena Septemba 1996. Nguzo unazoziona sasa zimeimarishwa kuliko zile za zamani.