Maswali ya Wasomaji: Matunda Katika Chupa ya Konyagi

Barua nyingi zilizotufikia tangu msimu wa maembe uanze zinahusu uloweshaji wa matunda katika pombe kali nyumbani, na tumeona ni vyema kuzijibu kwa pamoja. Majibu haya ni kwa ajili ya wasomaji waliokwisha kutimiza miaka 18 na ambao, kwa imani na afya zao, wanatumia kileo.

Nilimenya maembe dodo yaliyoiva, yapata kilo moja, nikayakata vipande na kuyajaza kwenye mtungi wa kioo. Nikamimina konyagi robo lita, nikaongeza vikombe viwili vya sukari, kisha nikafunga kwa nguvu. Siku ya nne mfuniko ulikuwa umefura, na nilipoufungua povu lilimwagika hadi sakafuni. Harufu ni kama ya togwa iliyochacha. Je, niendelee kusubiri au nimwage? – Msomaji, Morogoro

Mwaga, ndugu msomaji, na ushukuru kwamba uliufungua mtungi kabla haujapasuka wenyewe. Kilichotokea humo ni kuchachuka, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuloweka. Konyagi ina kileo cha asilimia 35, kwa hiyo katika robo lita ulimimina chini kidogo ya mililita 90 za kileo halisi. Kilo moja ya nyama ya embe, kwa upande wake, ina maji zaidi ya mililita 800, na maji hayo hayabaki ndani ya tunda: kileo kinapoingia, yenyewe hutoka. Ukijumlisha na sukari iliyoyeyuka, unabaki na kinywaji chenye kileo cha takriban asilimia 7, kitamu na chenye uvuguvugu wa jikoni. Hamira za asili zinazoishi kwenye maganda ya matunda hazihitaji mwaliko mwingine. Hula sukari na kutoa gesi ya kaboni, na gesi hiyo, isipopata njia, huusukuma mfuniko mpaka kitu kimoja kishindwe.

Kinga yake ni kuhakikisha kwamba, baada ya tunda kutoa maji yake yote, kileo kinabaki juu ya asilimia 20, kwa sababu katika kiwango hicho hamira na vijidudu vingi vya uharibifu haviwezi kustawi. Hesabu yake si ngumu. Kwa chupa ya konyagi ya mililita 750, usizidishe nusu kilo ya nyama ya embe, nanasi au papai. Mchanganyiko utatulia kwenye asilimia 22 hivi. Ukitumia vodka au jini ya asilimia 40 utapata nafasi zaidi, lakini hata hapo nisingevuka gramu 600. Mtungi uliosheheni vipande mpaka shingoni hupendeza machoni, na ndio hasa unaoharibika.

Sukari isiingie mapema. Loweka kwanza, chuja, kisha utie shira iliyopikwa kwa sukari na maji vyenye uzito sawa na ikapoa kabisa, ukionja kila baada ya vijiko viwili vitatu. Embe limenywe vizuri, kwa kuwa utomvu wa ganda lake huwasha midomo ya watu wengine, na vipande vyote vizame. Kipande kinachoelea huwa cheusi kwa juu kwa sababu ya hewa na ndicho huanza kuota ukungu. Kisahani kidogo cha kioo kilichowekwa juu yake kinatosha kukizamisha. Kwa embe na nanasi, siku 5 hadi 7 mahali penye kivuli zinatosha. Baada ya hapo nyama hulainika na kuvurugika, na unachokivuna ni tope.

Iwapo kuna msomaji mwingine ambaye mfuniko wake umefura hivi sasa, aufunike mtungi kwa taulo nene, autoe nje ya nyumba, na aulegeze polepole huku uso wake ukiwa mbali.

Nimejaribu malimau mara mbili na mara zote kinywaji kimekuwa kichungu kiasi cha kutonyweka. Aidha, nilipotia shira kikawa na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Nini kimeharibika? – Msomaji, Tanga

Uchungu na ukungu ni mambo mawili tofauti, na ni moja tu kati yake lenye hitilafu. Uchungu unatoka kwenye ile ngozi nyeupe iliyo kati ya ganda na nyama. Harufu yote unayoitafuta imo katika vifuko vidogo vya mafuta kwenye ganda la nje, lile la manjano. Ndivyo vifuko vinavyorusha mvuke unaowasha jicho unapolibinya ganda karibu na uso. Kwa hiyo osha malimau kwa maji ya vuguvugu, yakaushe, kisha yaparuze kwa kisu chenye makali au kwa kimenyeo, ukichukua ganda jembamba kiasi kwamba upande wake wa ndani unakaribia kuwa manjano pia. Ukiona weupe, ukwangue. Maganda ya malimau 6 yanatosha chupa moja. Juisi usiitie mtungini. Iache kwa ajili ya bilauri siku ya kunywa.

Huko Italia, limoncello hutengenezwa kwa maganda peke yake yaliyolowekwa katika kileo cha asilimia 95 hivi, ambacho huyakamua mafuta kwa nguvu. Konyagi yetu ni dhaifu zaidi na inahitaji subira ya wiki mbili. Maganda yakiwa yamepauka na kukauka kama karatasi, yamekwisha kutoa yalichonacho, na kuyaacha zaidi ni kuualika uchungu.

Ukungu ulioonekana baada ya kutia shira si uharibifu. Mafuta ya limau huyeyuka katika kileo lakini hayayeyuki katika maji, hivyo kileo kinapopungua nguvu mafuta hujitenga katika matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ni dalili kwamba umeyapata mafuta ya kutosha, kwa hiyo usihangaike kuuchuja.

Niliweka nanasi pamoja na karafuu, mdalasini na tangawizi kwa wiki tatu. Sasa sisikii nanasi kabisa, na ulimi unakufa ganzi. – Msomaji, Dar es Salaam

Ganzi hiyo ni kazi ya karafuu, ambayo mafuta yake yamekuwa yakitulizia maumivu ya meno tangu zamani. Tatizo la viungo ni kwamba kila kimoja kina saa yake, na ukivitia vyote siku moja ukavitoa siku moja, chenye nguvu hummeza mnyonge. Karafuu mbili au tatu zitoke baada ya siku moja. Tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba, baada ya siku mbili au tatu. Kijiti cha mdalasini kinaweza kustahimili siku tano. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuloweka viungo katika chupa ndogo ya pembeni na kuviongeza kwenye kinywaji cha nanasi kidogo kidogo. Chupa uliyo nayo haihitaji kumwagwa: igawe, na kila sehemu uichanganye na konyagi tupu iliyolowekwa nanasi bichi pekee, hadi karafuu irudi mahali pake.

Kiungo kisicho na haraka ni vanila. Kule kisiwani Réunion, ambako ramu nyeupe hulowekwa matunda, vanila na viungo katika kinywaji kiitwacho rhum arrangé, mitungi huachwa miezi kadhaa, na ramu yao mara nyingi huwa na kileo cha asilimia 49. Vanila ya Kagera ni nzuri kwa kazi hii: pasua ganda moja kwa urefu, litie chupani, usahau.

Chang'aa huku kwetu ni rahisi kuliko pombe ya dukani, na matunda yangeficha harufu yake. Kuna ubaya gani kuitumia, hasa nikiichuja kwa mkaa kwanza? – Msomaji, Kisumu

Ubaya ni kwamba huwezi kujua kilichomo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi, na Mei 2014 vifo vingine vingi vilitokea katika kaunti kadhaa za Kenya, baada ya watu kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Methanoli ina harufu na ladha inayofanana mno na kileo cha kawaida. Mkaa hauitoi, matunda hayaitoi, limau haliikati, na kuichemsha jikoni ni njia ya kupata moto bila kupata usalama. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kutapika na kuona kama kuna ukungu, zinaweza kuchelewa nusu siku au zaidi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na ufungaji, na kile kinachouzwa uchochoroni hakimo katika ruhusa hiyo. Tanzania nako kutengeneza gongo ni kosa. Vilevile, spiriti ya kusafishia vidonda na vitakasa mikono si vinywaji kwa namna yoyote. Nunua chupa iliyofungwa, ya bei nafuu kadiri upendavyo, dukani panapoeleweka.

Baada ya kuchuja, kinywaji kinakaa muda gani? Na vipande vya matunda nivifanyie nini? – Msomaji, Arusha

Kichujwe mara mbili, kwanza kwa chujio na kisha kwa kitambaa safi kilichochemshwa, na kiwekwe katika chupa ya kioo iliyojaa karibu na mdomo. Chupa za plastiki za soda hazifai kwa kukaa muda mrefu. Vinywaji vya maganda na viungo hukaa mwaka bila shida. Vya embe na nanasi hupoteza harufu mapema, na mimi ningevimaliza ndani ya miezi mitatu, vikiwa kwenye jokofu. Onyo dogo: hata baada ya kutia shira, kileo huwa kati ya asilimia 18 na 20, yaani kuizidi divai, ilhali utamu unakifanya kishuke kama juisi. Kipime kwa bilauri ndogo.

Vipande vilivyobaki vina kileo kingi, hivyo visiwekwe kwenye bakuli la matunda ambalo mtoto anaweza kulifikia. Vipande vya nanasi hufaa sana kwenye keki ya matunda au juu ya nyama ya kuchoma, ingawa moto hauondoi kileo chote, na mgeni asiyetumia pombe aambiwe kabla hajapakuliwa.